Mgonjwa wa Mtihani

Hospitali inatimiza miaka hamsini, na mama wa ofisi ya uhusiano akaniomba kurasa mbili za kumbukumbu. "Sista, tupe historia yake na mchango wake kwa jamii," akasema, "ila yawe mambo ya kufurahisha." Nimempa. Nimemwandikia kwamba wodi zilikuwa nne na sasa ni ishirini na mbili, kwamba tulikuwa na gari moja la wagonjwa lililokuwa haliwaki mpaka lisukumwe, kwamba leo wilaya saba zinatuletea kila kilichowashinda. Kurasa mbili safi, hazina hata kosa la herufi. Haya hapa ni yale niliyoyaacha, na sikuyaacha kwa kusahau.

Mimi ni muuguzi, nimestaafu mwaka juzi. Wanafunzi wa udaktari walinipachika jina la Sista Pilipili, na sikulikataa, maana nililitolea jasho. Mwanafunzi akichelewa wodini nilimpasha mbele ya wagonjwa. Akimchoma mtu sindano bila kumsalimia, nilimwambia aanze upya, arudi mlangoni, abishe hodi, aseme habari za asubuhi. Wengine sasa ni madaktari bingwa, na wakiniona sokoni bado wanaficha mikono mifukoni nisije nikakagua kucha.

Nilianza kazi pale nikiwa na miaka ishirini. Ilikuwa hospitali ya kawaida tu, majengo marefu yenye baraza, na daktari mmoja na nusu, maana yule wa pili alikuwa anaumwa muda wote. Mwaka huohuo mama yetu akafariki, nikamchukua mdogo wangu, kitinda mimba wetu, akiwa na miaka kumi na minne. Alikuwa hawezi kupanda ngazi nane bila kukaa. Daktari akamsikiliza kifua, akamsikiliza tena. Akaniambia homa za utotoni zimeharibu valvu moja ya moyo, kwamba kila mpigo damu kidogo inarudi ilikotoka. Wa kuitengeneza hakuna hapa, akasema, tutamlinda kwa dawa. Basi nikamlinda. Sindano yake ya kila mwezi niliichoma mwenyewe, vidonge nikampa mkononi na kusubiri ameze, na mtoto aliyepewa miaka mitano tu ya kuishi akaota ndevu mbele ya macho yangu.

Miaka saba baadaye chuo cha udaktari kikatufuata. Kilikuja kabla ya majengo yake. Chumba cha kufulia kikawa maktaba, jiko la zamani likawa darasa, na kwa miaka miwili watu walisoma mifupa ya binadamu penye harufu ya vitunguu. Wanafunzi wa kwanza walikuwa kumi na tisa. Mmoja wao alikuwa mwembamba, miwani imemmeza uso, tukamwita Miwani. Huyo ndiye Profesa wa leo, mkuu wa magonjwa ya ndani, mtu ambaye akikohoa kwenye kikao watu wanaandika.

Sasa, hospitali ya kufundishia inahitaji wagonjwa wa kufundishia. Vitabu vilikuwepo, lakini vitabu havina kifua. Yule daktari wetu wa zamani akakumbuka moyo wa mdogo wangu. Akaniomba nimlete, akamkalisha kitini, akawaambia wale kumi na tisa waje mmoja mmoja na stetoskopu. Walipofika kwa Miwani, yule kijana alifumba macho, akasikiliza muda mrefu mpaka mdogo wangu akamuuliza, "Vipi, kaka, umelala?" Darasa zima likacheka. Miwani akafumbua macho, yamejaa machozi. Akasema, "Nimeusikia. Ule mvumo wa damu inayorudi, nimeusikia." Kila mtu ana siku aliyoanza kuwa mtu fulani, na yeye alianzia pale, kwenye kifua cha ndugu yangu.

Wale kumi na tisa walipofika mwaka wao wa tano, wa mwisho, akawa mgonjwa wa mtihani. Wenyewe wanajua maana yake. Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanapotahiniwa, huwekwa wagonjwa halisi kwenye vituo, huyu ana bandama kubwa, yule mkono unatetemeka, mwingine pafu moja limesinyaa. Mwanafunzi anapewa dakika saba ampime na aseme amepata nini. Wagonjwa wa namna hiyo huitwa kutoka majumbani, wanapewa chai na mkate, wanapewa shuka safi. Kazi ya kuwaita na kuwapanga ilikuwa yangu, na kengele ya kumalizia dakika ilikuwa mkononi mwangu. Na sheria niliwafundisha mimi, kila mwaka, kwa sauti ya juu: jina la ugonjwa usitaje, jibu ulichoulizwa, usiongeze neno. Ukimwonea huruma mmoja ukamnong'oneza, umewadhulumu wenzake wote.

Mdogo wangu alikuwa mshona viatu, kibanda chake kilikuwa nje ya uzio wa hospitali. Hakuoa. Nani ampe binti mtu ambaye moyo wake unapiga kelele? Alikaa nyumbani kwangu chumba cha uani, akanywa dawa zake, akashona soli za madaktari. Lakini siku ya mtihani, jamani! Alinyoa tangu juzi yake, akavaa shati jeupe, akatembea koridoni kama mwenye hospitali. Mvi zilimwahi, wanafunzi wakamwita Babu Valvu, na hakuwa babu wa mtu. Alikuwa akijua kabisa nani amesikia na nani anadanganya. Usoni mwake usingesoma kitu. Nyumbani ndipo alipofunguka. "Dada, yule mrefu alisikiliza upande wa kulia. Kulia! Moyo wangu nimeuhamisha lini?" Tulicheka mpaka chai ikapoa. Miaka ishirini na sita, hakukosa hata mwaka mmoja.

Mwaka ninaousema alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alikuwa amekonda kidogo, na mimi niliona. Tena niseme wazi hapahapa, niliona. Nikajiambia ni moyo unazeeka.

Kituo chake kilikuwa cha tatu. Watahini walikuwa Profesa na mwenzake mgeni kutoka chuo kingine. Wakaingia kumi na mmoja, wakatoka. Wa kumi na mbili alikuwa binti mmoja mfupi, mpole, wa wale ambao wodini unawasahau mpaka uwakanyage. Profesa akamwambia, "Mpime mgonjwa huyu moyo, kisha utueleze."

Akamsalimia. Akamshika mkono kuhesabu mapigo, na badala ya kuuachia akaugeuza, akatazama kiganja. Akamvuta kope ya chini, akatazama ndani ya jicho. Wenzake wote kumi na mmoja walikuwa wamekwenda kifuani moja kwa moja, maana Babu Valvu walikuwa wanamjua hata kabla ya kuingia, jibu lilikuwa linarithiwa kutoka darasa hadi darasa.

"Babu, unachoka siku hizi?"

"Nachoka, mwanangu. Si moyo huu?"

"Umepungua uzito?"

Mdogo wangu akamtazama Profesa, akanitazama na mimi. "Kidogo," akasema.

Yule binti akamlaza chali, akaanza kumbonyeza tumbo. Profesa akacheka kwa upole, akasema, "Binti, moyo hauko huko." Yule mtahini mgeni akacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti. Binti hakuitoa mikono tumboni. Akasema, "Samahani, Profesa. Hapa kulia chini kuna uvimbe. Ni mgumu, na—"

Nikapiga kengele. Dakika saba zilikuwa zimetimia, siwezi kusema niliipiga mapema. Lakini wengine nilikuwa nawaongezea pumzi mbili tatu wamalizie wanalosema, na yeye sikumwongezea.

Alinisubiri koridoni nilipotoka kuwaita waliobaki. Alikuwa ameshalia, macho yamemvimba. "Sista, najua nimeharibu mtihani. Sisemi kwa ajili ya mtihani. Yule babu hana damu, kope zake kwa ndani ni nyeupe kabisa, na ule uvimbe nimeushika. Tafadhali, apimwe."

Na mimi, Sista Pilipili, nikamtolea uvivu. Nilimwambia, "We mtoto, yule ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nimemlea kwa mikono hii. Profesa anamjua tangu wewe hujazaliwa. Umefeli, basi kubali umefeli, usitafute pa kuegemea." Nikaongeza na lingine, kwamba akajifunze kwanza moyo uko wapi ndipo aje kunifundisha tumbo. Watu walikuwa wanapita, wakageuka. Akasema, "Ndiyo, Sista," akaokota begi lake, akaenda zake.

Jioni nilimuuliza mdogo wangu, nikiwa namenya viazi, wala sikuinua kichwa, "Tumbo linakusumbua?"

"Aa, kawaida tu, dada. Ila yule mtoto ana vidole vya baridi!"

Tukacheka. Mikono yangu iliyobonyeza matumbo ya watu miaka thelathini na minane ilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na ikaendelea kumenya viazi. Nikiikumbuka jioni ile hata leo natamani kujichapa.

Matokeo yakatoka. Yule binti alifeli, akatakiwa kurudia miezi sita.

Kuanzia hapo mdogo wangu akaanza kushuka. Alikuwa anafunga kibanda saa nane mchana, baadaye saa sita. Nikamvizia Profesa kwenye ngazi. "Profesa, mwalimu wako anachoka mno." Akanishika bega, akasema, "Moyo unadai umri wake. Mwongezee kile kidonge cha kukojoza, asubuhi na mchana." Wiki tatu baadaye nikamvizia tena, mlangoni mwa maabara, naye akiwa na simu sikioni. Akaniandikia dawa nyingine juu ya paja. Hivyo ndivyo tunavyotibiana sisi watu wa hospitali. Tunaona ni upendeleo. Mama wa kijijini anakuja na barua kutoka wilayani, anapanga foleni tangu alfajiri, na daktari mdogo asiyemjua anamvua, anamlaza, anampima kuanzia nywele hadi ukucha kwa sababu anaogopa kukosea. Ndugu yangu alikuwa na dada ndani na Profesa rafiki, kwa hiyo alitibiwa kwenye ngazi. Angekuwa hana mtu, wangemwona.

Siku moja katikati ya asubuhi fundi wa kibanda cha jirani akaja mbio mpaka wodini. "Sista, ndugu yako anatapika, tumbo limejaa kama ngoma." Nilikimbia na kandambili za wodi. Nilimkuta amekaa chini, amekumbatia kiatu cha mtu. Akajitahidi kutabasamu, akasema, "Dada, mwenye kiatu hiki anakuja saa saba."

Safari hii hakuna aliyekwenda kifuani. Mapokezi walimlaza, wakamfunua tumbo, na uvimbe ulikuwa unaonekana hata kwa macho. Daktari wa upasuaji alimfungua mchana uleule, kwa hofu kubwa ya huo moyo, na moyo ukavumilia. Uliovumilia ndio huo tuliokuwa tunauogopa miaka yote. Saa kumi daktari akatoka, kofia mkononi, akaniambia nikae. Nikamwambia nimewakalisha watu wengi kwenye kiti hicho, aseme nikiwa nimesimama. Akasema ni saratani ya utumbo mpana. Kipande chenye uvimbe amekikata, amekipeleka maabara, njia imefunguka, atakula. Lakini imeshatapakaa kwenye ini lote.

"Imekuwepo kwa muda gani?"

"Ule uvimbe, labda mwaka na zaidi. Hii ya kwenye ini ni ya karibuni. Miezi michache."

Nikahesabu. Tangu kengele ile ilikuwa ni miezi minne na siku kadhaa. Nilikaa kwenye kile kiti.

Sasa nani alipangwa wodi ya upasuaji, kwenye ile miezi yake ya kurudia? Ni yeye. Asubuhi ya tatu niliingia nimebeba uji, nikamkuta amesimama kando ya kitanda cha mdogo wangu na faili kifuani. Uji ulinimwagikia mkononi. Nilijua kwamba sasa itasemwa, na nilijua sina pa kujificha.

Mdogo wangu alikuwa amemtambua. "Wewe si ndiye wa vidole vya baridi?"

"Ndiyo mimi, Babu."

"Mwanangu, nina deni la maneno kwako," akasema. Alikuwa anaongea kwa kupumzika. "Siku ile uliponiuliza, choo changu kilikuwa kinatoka cheusi, tangu kama miezi miwili nyuma. Na hapa nilikuwa napashika mwenyewe nikioga. Nikasema moyoni, nikimwambia huyu nitamvuruga. Ameambiwa moyo. Mimi ni mgonjwa wa moyo. Nikiongeza mengine nitamharibia mtoto wa watu mtihani." Akafumba macho. "Na bado nikakuharibia."

Binti alikuwa analia bila sauti. Akamwambia hapana, Babu, hukuniharibia.

"Lakini uliniona. Uliniona kabisa. Mbona basi hukumwambia mtu?"

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, uji unanichuruzika kwenye sare. Binti akainua macho akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Akarudi kwa mdogo wangu, akamtengenezea shuka, akasema, "Nilitaka kusema, Babu. Muda ukaisha."

"Aa, ile kengele ya dada!" akasema mdogo wangu, na akacheka, akashika mshono kwa maumivu. "Ile kengele haina huruma."

Nilitoka nikaenda chumba cha kuoshea vyombo, nikafungua bomba lote ili nisisikike.

Nilikwenda kwa Profesa siku ileile. Sikumvizia ngazini, nilikaa kwenye foleni ya wagonjwa wake, nikiwa na sare, namba thelathini na moja. Alipofungua mlango akashtuka. Nikamwambia yote, mtihani, kope, uvimbe, vidonge vya koridoni. Lile la mimi na binti sikulisema. Nilikuwa nimelipanga la mwisho, na nilipofika pale nikaliruka. Profesa akavua miwani. Bila miwani alikuwa yule kijana wa jikoni kabisa. Akasema, "Miaka thelathini na moja, Sista. Nikimwona yeye nilikuwa nasikia ule mvumo hata kabla sijamgusa. Nilikuwa sijamtazama kwa miaka mingi." Akaja wodini kila asubuhi baada ya hapo. Alikuwa anavuta kiti, anakaa, anamshika mkono kama mtu anayehesabu mapigo, ila hakuwa anahesabu. Alimwomba radhi mbele ya wanafunzi wake wote. Mdogo wangu aliona aibu, akamwambia, "Acha hizo, Miwani. Watoto wanakusikiliza."

Kuhusu yule binti, Profesa aliandika barua kwa uongozi wa chuo. Wakajibu kwamba alama zikishapitishwa na kikao hazirudi nyuma, na kwamba binti aliulizwa moyo. Akamaliza miezi yake, akafanya upya, akafaulu. Sijui ni mgonjwa gani alimpata.

Mdogo wangu aliishi wiki saba. Nilimrudisha nyumbani, chumba chake cha uani, nikachukua likizo yangu yote. Nilimwogesha, nikamlisha kwa kijiko, nikamsimulia za mama. Mara nyingi tulikuwa peke yetu, mimi na yeye, na lile neno bado sijalisema. Nilikuwa naanza, "Mdogo wangu, siku ile ya mtihani," na yeye anadakia, "Usijilaumu, dada, hukujua." Sasa ningeanzia wapi? Mtu anakufa, amebakiwa na dada mmoja tu, nimwambie dada huyo aliambiwa? Nilijiambia namhurumia yeye. Uongo. Nilikuwa najihurumia mimi. Alifariki asubuhi saa tatu, jua limeingia mpaka kitandani, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Alisema "dada" akanyamaza, nikasubiri aendelee.

Tulikuwa bado tunapanga mazishi Profesa alipokuja nyumbani. Aliinama, akanipa pole, akakaa ukingoni mwa kiti, na nikaona kuna karatasi mfukoni. Namjua. Nikamwambia sema.

"Sista, unisamehe kwa wakati huu. Chuo kina kile chumba cha makumbusho, zinakohifadhiwa sehemu za mwili kwenye chupa, za kufundishia." Akaigusa ile karatasi mfukoni. "Moyo wake... hakuna tena siku hizi mwenye moyo kama ule. Watoto wanatibiwa mapema. Aliwahi kuniambia mwenyewe, nikifa chukueni, mwendelee kusoma. Lakini ni lazima ndugu asaini. Ukisema hapana, sitakuuliza tena."

Ilikuwa kweli, mdogo wangu angekubali. Angejivuna hata. Angetaka kujua chupa itawekwa rafu ya juu au ya chini. Maisha yangu yote hospitali ile haijanikatalia, nami sijaikatalia. Wakiniita sikukuu nakwenda, wakinihamisha nahama. Niliichukua ile kalamu, nikaishika, kisha nikairudisha mezani.

"Moyo mnaujua," nikamwambia. "Mmeusikiliza miaka thelathini na moja, mnaujua kuliko mnavyojua watoto wenu. Nitamzika nao. Kule maabara mna kile kipande cha utumbo alichokata daktari wa upasuaji. Hicho ndicho hamkukijua. Wekeni hicho."

Aliikunja karatasi, akairudisha mfukoni, akalia palepale mbele ya waombolezaji, mtu mzima, na mimi nikamwacha alie.

Chupa ipo. Nilikwenda kuiona mara moja tu, siku nilipokabidhi sare. Ni kitu kidogo, cha rangi ya kijivu, kimekaa ndani ya dawa. Chini yake Profesa ameandika kwa mkono wake, akakataa lebo ichapishwe: Uvimbe wa utumbo mpana. Mwanamume, miaka hamsini na miwili, mshona viatu. Miezi minne kabla ya upasuaji alipimwa na watahiniwa kumi na wanane. Mmoja aliuona.

Wanafunzi wa mwaka wa tatu walikuwa wamejipanga mbele yake, mwalimu wao anawaambia waandike. Wakaandika. Nikasimama nyuma yao nikasoma mara mbili, na ni kweli tupu, hakuna neno la kupunguza. Kilichobaki nje ya lebo ni kwamba yule mmoja alitoka nje akamwambia sista, na sista alikuwa dada wa huyo mshona viatu.